Tulipanda bus kwenda kutembelea mulima na ziwa, guide alikuwa bwana yangu

Wakuu wa humu, nabasalimia kutoka Butembo. Mimi ni mama, nauzishaka bitenge hapa Bulengera, na tangu muda nasomaka mambo yenu kimya kimya bila kuandika neno. Leo naandika. Kiswahili yangu ni ya Congo na imechanganyika na Kifaransa, munivumilie. Mwenye hataelewa aulize, nitamujibu.

Yote yenye nitasema niliiona na macho yangu, isipokuwa mwisho. Na ile mwisho njo yenye inaniua.

Juzi mumoja wetu aliweka hapa picha za safari ya bus. Batu bamekaa ku madirisha, guide amesimama mbele, inje kuna mulima, chini kuna ziwa. Balimwandikia hongera, balimuuliza na bei. Mimi nilifunga simu, nikaenda kukaa inje.

Sababu na sisi tulifanyaka safari sawa ile. Mu vita.

Bwana yangu anaitwa Kambale. Mbele ya vita alikuwa guide ku parc, upande wa Mutwanga, chini ya Ruwenzori. Kama hamujue, Ruwenzori ni mulima yenye iko na theluji juu, hapa hapa kwetu kwenye jua kali. Mu Kinande, luga yetu, ile theluji tunaiitaka nzururu. Bazungu balikuwa banatoka kwao na mabegi makubwa, Kambale anabapandisha mpaka ku barafu, anabashusha, banamuachia viatu vyao na kumukumbatia. Ile kazi aliipenda kuliko kitu yote. Nilijua kama mimi niko wa pili, na sikukasirika.

Vita ya kwanza, bazungu balipunguka. Vita ya pili, balikwisha kabisa. Station ya parc iliporwa mpaka na mabati. Kambale alirudi Butembo akaanza kutembeza sabuni mu mitaa.

Alikuwa muuzishaji mubaya sana, wakuu. Mutu anauliza sabuni, yeye anamwelezea jina ya ndege yenye imepita juu ya nyumba. Anarudi mangaribi na sabuni zake zote, na amefurahi.

Mu mutaa yetu kulikuwa chauffeur moja, Paluku. Bus yenye alikuwa anaendesha ilikuwa ya mufanyabiashara moja wa hapa, bus mukubwa ya safari za mbali. Mais barabara ya Goma ilikuwa haipitike tena, bus ikalala mu parcelle, mu kiwanja ya mwenyewe, mpaka kuku zikaanza kutaga ndani yake. Kila asubui Paluku alikuwa anakuja kuwasha moteur ili isikufe, anaikalia kidogo, anazima, anarudi kwake.

Siku moja Kambale alienda kukaa na yeye ndani ya ile bus, balikuwa banaongea tu. Alirudi nyumbani macho inawaka.

"Bazungu banavuka bahari kuja kuona mulima yetu," aliniambia. "Sisi tunazaliwa chini yake na tunakufa chini yake, na hatuiangaliaka. Sasa bazungu hawako. Twende sisi."

Nilimuuliza, mu vita? Alinijibu kama tukingoja vita iishe, sisi njo tutaisha mbele yake.

Na kusema kweli, ile mwaka kulikuwa kimya kidogo. Barabara ya Beni mpaka Kasindi ilikuwa inapitika, bacommerçants balikuwa banaenda Uganda na kurudi. Barrière za basoda, ni kusema baaskari, zilikuwa ku barabara, mais batu balikuwa bamesha kuzizoea sawa vile batu banazoea mvua. Mwenye bus alikubali. Nafikiri na yeye alikuwa amechoka na zile kuku.

Balitangaza ku kanisa, kisha ya misa. Safari ya siku mbili, Butembo, Beni, ziwa kule Ishango, kisha Mutwanga kuona mulima, kulala ku salle ya paroisse, parokia ya kule, kesho yake kurudi. Nilifikiri hakuna mutu atakuja. Bus ilijaa.

Ile juma yote Kambale alikuwa anafanya répétition nyumbani. Anapanga viti mu salon, batoto batatu banakaa kama abiria, yeye anasimama mbele na mwiko sawa micro. "Mabibi na mabwana, ku kuume yenu..." Neema, mutoto wetu wa mwisho, alikuwa bado mudogo sana. Alinyoosha mukono, akauliza kama ku mulima kuna choo. Kambale alimujibu na heshima yote, sawa vile anajibu mukubwa.

Alikuwa na shati moja ya kaki ya kazi, yenye alama ya parc ku mukono. Nilikaa ku mulango nikaitoa ile alama na wembe, uzi kwa uzi. Niliogopa basoda basije bakaona mutu wa uniforme bakamukamata. Kambale aliangalia mpaka nikamaliza. Kisha akasema ni vizuri, shati itakuwa sawa mupya.

Tuliondoka siku ya posho, ni kusema jumamosi, asubui na mapema. Batoto tulibaacha kwa mama yangu. Mimi nilipanda kwa ajili ya chakula, sombe ya majani ya muhogo na mikate na ndizi, na sababu nilitaka kuona bwana yangu ku kazi yake. Tangu tuoane sikukuwa nimesha kumuona akiifanya.

Pembeni yangu alikaa Mama Kyakimwa, mama wa samaki ku soko, mukubwa wa mwili na wa sauti. Miaka yote anauzisha samaki ya ziwa na hajawahi kuona ile ziwa. Alikuwa amevaa kitenge chake cha Noëli. Batu wote balivaa vizuri, kuna hata baba moja mwenye alikuja na cravate, ile tai ya shingo.

Mpaka Beni, batu balikuwa bado na haya. Balikuwa banajua ile barabara, nani atabaambia nini? Ukipita Beni, barabara inaanza kushuka, na unaona bonde ya Semuliki inafunguka mbele yako yote, kijani na moshi, na joto inakupiga ku uso. Pale Kambale alimwambia Paluku apunguze mwendo. Alisimama, akageuka kwetu.

Wakuu, sijui namna ya kubaeleza. Ile mutu wa sabuni alipotea. Alisema kama hii bonde iko hapa mbele ya Adamu, kama dunia ilipasuka hapa sawa mukate, upande moja ukaanguka na upande mwengine ukapanda, na ule wenye ulipanda njo Ruwenzori. Alisema muto wenye tutavuka unatoka ku ziwa yenye tunaenda kuona, na maji yake inatembea mpaka Misri. Baba wa cravate aliuliza, Misri ya Musa? Kambale akasema njo ile ile.

Nilikuwa naangalia mugongo yake ku ile shati, ninafikiri: donc hii njo mutu bazungu balikuwa nayo, na mimi nilikuwa na nusu tu.

Ku daraja ya Semuliki basoda balitusimamisha, bakaangalia, bakatuachilia. Balicheka tu. Batu ya kutembea mu vita!

Tulifika Ishango jua iko juu ya kichwa. Kama hamujafika, ni pahali ziwa inakwisha na muto unaanza. Unasimama ku ukingo juu, chini maji ya ziwa imetulia sawa kioo, kisha inaingia mu mulango mwembamba na inaanza kukimbia. Njo Semuliki inazaliwa pale, mbele ya macho yako.

Kambale alikuwa ametuahidi viboko. Mamia, alisema, utabahesabu mpaka uchoke. Tulishuka mu bus tukakimbia mpaka ku ukingo.

Hakukuwa hata moja.

Kulikuwa mifupa. Mifupa mingi, nyeupe, ku mchanga chini kule. Basoda balikuwa bamesha kumaliza viboko na bunduki, nyama ilienda ku masoko. Kambale alisimama pale. Nilimusogelea. Aliniambia pole pole kama alikuwa anajua moja moja, kulikuwa dume moja na sikio yenye ilikatika, ilikuwa inalalaka pale. Alionyesha na kidole. Kisha akapangusa uso, akageukia batu, akaanza kubaeleza viboko vinaishi namna gani, sawa vile vilikuwa pale.

Na batu balisikiliza. Hakuna mutu alilalamika.

Mama Kyakimwa alishuka mpaka chini, akavua viatu, akaingia mu maji mpaka ku magoti na kitenge chake cha Noëli. Alisimama akiangalia ile maji yote. "Donc samaki yangu inatokaka hapa," alisema, na akaanza kulia. Nilimuuliza nini. Akasema bwana yake marehemu alikuwa anamuahidi kila mwaka kumuleta, na sasa amekuja peke yake.

Tulikula pale. Sombe yangu ilikwisha yote. Ile saa moja, wakuu, mimi nilisahau vita. Sisemi ilipunguka. Niliisahau.

Ngoja kidogo, kuna mama hapa anachagua kitenge.

Nimerudi.

Tulipanda bus kurudi mpaka kwenye barabara ya Mutwanga inaingia. Pale kulikuwa barrière yenye asubui haikukuwa. Kamba, matawi, basoda wengi, na mizigo yao chini. Basoda ba ile mouvement, chama ya baasi, yenye ilikuwa inatawala huku wakati ule. Moja alifungua mulango na kusema mu Lingala, "Bokita," ni kusema mushuke. Mama Kyakimwa alinishika mukono mpaka ikauma.

Commandant yao alikuja. Kijana tu, mwembamba, amevaa bottes za mpira sawa za mulimaji. Aliuliza tuko nani. Paluku alijibu kama tuko batu ya paroisse, tunatembea. Commandant hakuelewa. Munatembea kwenda wapi? Hapana kwenda, commandant, tunatembea kuona. Kuona nini? Mulima na ziwa.

Alituangalia moja moja. Kisha alicheka, cheko ya kweli, cheko ya mutoto. Alisema hapana kushuka. Yeye na batu yake banaenda Mutwanga, bus itababeba. Balipanda, bakajaa mu couloir, katikati ya viti, na bunduki zao, bananuka moshi na jasho. Mumoja alikaa juu ya casier, kasha yangu ya chakula.

Bus ilitembea. Commandant alikuwa amesimama mbele karibu na Kambale, akamuuliza, na wewe? Kambale akasema yeye ni guide.

"Basi fanya kazi yako," commandant alimwambia. "Mimi pia leo niko touriste."

Batu balicheka kidogo, cheko ya woga. Kambale alianza kusema, maneno mafupi mafupi, hapa ni kahawa, hapa ni kakao. Alikuwa anajichunga, nilisikia mu sauti yake. Commandant alikuwa anauliza na anasikiliza vizuri. Alisema kwao ni mbali, ku muto mukubwa, mu pori ya tambarare, na tangu azaliwe hakuwahi kukaa karibu na mulima.

Sasa, Ruwenzori ni sawa bibi-arusi wa zamani, inafunikwa uso siku zote. Mawingu haiiachake. Unaweza kukaa Mutwanga mwezi na usione theluji. Ile siku tangu asubui ilikuwa imefungwa, na mimi nilikuwa naomba Mungu mu roho afungue, juu ya Kambale. Nilikuwa naomba, wakuu. Kisha ya ile aibu ya viboko nilitaka apate kitu moja yenye itakubali kuonekana.

Na Mungu alinisikia.

Tulikuwa tunakaribia Mutwanga, jua imeanza kulala nyuma yetu, mawingu ikapasuka. Juu kabisa, pahali mutu anafikiri ni mbingu tu, ikatoka nyeupe. Kisha ikawa rangi ya machungwa. Paluku alisimamisha bus bila mutu kumwambia. Abiria na basoda, bote balienda ku madirisha ya upande moja mpaka bus ikalala kidogo. Soda moja mudogo alikuwa ameweka kichwa yake ku bega ya Mama Kyakimwa ili aone, na Mama Kyakimwa alimuacha.

"Ile ni nini?" commandant aliuliza, na sauti yake ilikuwa chini.

Kambale alisahau kujichunga. Nilimuona akisahau. Alimweleza nzururu, alimweleza majina ya vilele. Alieleza njia yote, pori kwanza, kisha mianzi, kisha ile miti yenye iko na ndevu, kisha maziwa matatu madogo juu kule, moja nyeusi, moja kijani, moja majivu. Alieleza kwenye unaweza kulala na kwenye maji iko. Alionyesha na mukono kwenye mutu anaweza kupita akashukia Uganda bila kupita ku barabara.

"Unaijua vizuri," commandant alisema.

"Hata munifunge macho, nitapita," bwana yangu alimujibu.

Commandant aliacha kuangalia mulima. Akaanza kumuangalia yeye.

Niliona. Nilikuwa nyuma yao, siti moja tu. Niliona ile uso inabadilika, haikukuwa uso mubaya, ilikuwa uso ya mutu mwenye alikuwa na shida ya kazi na amepata dawa yake. Nilitaka kuvuta shati ya Kambale. Mukono yangu ilikuwa mu mukono ya Mama Kyakimwa. Na tena, ningesema nini? Maneno ilikuwa imesha kutoka.

Ku Mutwanga, mbele ya paroisse, basoda balishuka. Commandant alitushukuru bote, aliwapa abiria mukono. Alisema bus iko huru, batu balale salama, kesho barudi kwao. Kisha akasema guide atabakia na bo.

Alieleza bila makelele. Kule juu kulikuwa maadui, bo balikuwa bametumwa kubatafuta, na batu benye balikuwa banajua njia bote balikimbia. Ni siku mbili tatu.

Nilimuendea. Nilimwambia, "Commandant, huyu iko na batoto batatu."

"Mama, mimi pia niko nabo," alinijibu. "Tutamurudisha."

Alisema na heshima. Mpaka leo, kama angenipiga, nafikiri ningekuwa na kitu ya kushika. Heshima yake haishikike.

Balimuacha Kambale aje kuniaga. Batu ya bus balikuwa bamesimama pale, baba wa cravate alikuwa anaangalia viatu vyake, Paluku amekaa ku usukani analia bila kupangusa. Hakuna mwenye alisema neno na simuhukumu mutu. Ungesema nini mbele ya bunduki zile?

Kambale alikuwa na ile shati tu. Nilifungua kitenge cha juu chenye nilikuwa nimejifunga, nikamufunika mabega. Alisema baridi ya juu haiko kali sana. Alikuwa ananidanganya, na alijua kama najua, juu yeye mwenyewe aliniambiaka bazungu bamesha kulia kwa ile baridi.

"Mama Neema," aliniambia, "walau batu baliona."

Njo neno ya mwisho. Hakusema kitu ya batoto, hakusema kitu yangu. Miaka mingi nilikasirikia ile neno. Alienda na bo ku njia ya juu, na alikuwa mbele. Guide anatembeaka mbele.

Kesho yake bus ilirudi. Mimi nilikataa kupanda. Mama Kyakimwa pia alishuka na begi yake, akamwambia Paluku apashe mama yangu habari, akakaa na mimi. Soko yake ilioza Butembo juu yangu, sitaisahau mpaka kufa.

Mama moja wa Mutwanga alitupokea. Kila asubui nilikuwa natoka inje kuangalia juu. Na mulima, yenye iko na tabia ya kujificha, ile juma ilikuwa wazi kila asubui, nyeupe, safi. Mara moja tulisikia bunduki, mbali sana, sawa mutu anapasua kuni. Kisha mawingu ikafunga.

Basoda balishuka. Balikuwa bamepunguka. Bengine balikuwa banabebwa. Nilisimama ku njia, bakapita mbele yangu moja moja, naangalia nyuso, natafuta kitenge changu. Wa mwisho alipita. Niliendelea kuangalia njia.

Commandant alikuwa anachechemea, mukono yake imefungwa. Alinitambua. Alisema bwana yangu alifanya kazi muzuri sana, mais alishikwa na homa, balimuacha ku kabane ya kwanza, kibanda ya kulala batembezi, apumzike, atashuka pole pole.

Soda mwengine, tulimupatia chakula, alituambia haiko vile. Guide alikuwa mbele, balipigwa risasi mu mianzi, kila mutu alikimbia kwake. Hakuna mwenye aliona nani alianguka.

Wa tatu, ule mudogo mwenye aliweka kichwa ku bega ya Mama Kyakimwa, alikuja peke yake kutuambia. Alisema mbele ya risasi, wakati wa kuvuka mahali pa maporomoko, guide alikuwa amesha kupotea. Baliangalia mbele, hayuko. Yeye anafikiri alishukia Uganda. "Alikuwa anajua njia, mama," alisema. Sijui kama alisema ukweli ao alinihurumia.

Nilipata banaume babili ba Mutwanga, tukapanda nabo mpaka ku ile kabane ya kwanza. Mulango haukukuwa. Ndani kulikuwa majivu baridi na makopo. Hakuna homa, hakuna mutu, hakuna damu. Nilitaka kuendelea, bale banaume bakakataa, na balikuwa na haki, nabo biko na batoto. Niliita jina yake pale. Ile pori inameza sauti, haiirudishe.

Tulirudi Butembo. Neema aliniuliza kama Papa aliona choo ya ku mulima.

Baba mukwe yangu, mzee wa Kyondo, batu balimufikia bakimwambia afanye matanga. Alikataa. Alibauliza, "Tutalia nani? Munionyeshe kaburi." Na alikuwa na haki. Kisha ya miaka alikufa yeye mwenyewe, bila kumulia mutoto wake. Mimi nilituma habari Kasese, Bwera, mpaka Kampala kwa batu ya biashara. Kila mara kulikuwa mutu mwenye alisikia mutu mwenye aliona Munande moja mwenye anafanana. Nilivuka mupaka mara nyingi. Mara ya mwisho nilimupata ule mwenye balisema. Alikuwa mukulima muzee, hakufanana na yeye hata kidogo, na alinipatia maziwa juu alinionea huruma.

Mwanaume moja muzuri, mujane, alinichumbia. Padri aliniuliza kama niko mujane. Niliomba muda. Ule mwanaume alingoja, akachoka, akaoa mwengine. Simulaumu.

Paluku aliendeshaka bus tena vita ilipopunguka, mais hakuna mwenye alisemaka tena kutembea. Mama Kyakimwa amesha kufa, mu kitanda yake, batoto yake bote bamemuzunguka. Nilimuonea wivu, Mungu anisamehe.

Batu bananiambiaka, walau bus yote ilipona. Ni kweli, na nawaitikia. Mais ile "walau" ni sawa chumvi ku kidonda.

Sasa somo, juu humu tunamalizaka na somo. Nimetafuta somo miaka yote. Yenye nilipata ni hii tu: mu vita, usionyeshe mwenye bunduki kitu yenye unajua vizuri. Kuwa mujinga mbele yake. Sema hujui njia, hujui muto, hujui hata jina ya mulima wenu. Mutu mwenye hana faida banamuacha apite. Ni somo mubaya, najua. Mutoto wangu wa kwanza nilimufundisha vile, na leo ni mutu mwenye hasemake kitu, hata mbele ya muke yake. Nilimupata salama na nilimupoteza.

Neema anaolewa mwezi unaokuja. Ni mwalimu, anasema sana, sawa baba yake. Imprimeur, mwenye kuchapa, ananingoja juu ya kadi za mwaliko. Huku kwetu, kama muzazi amekufa, mbele ya jina yake tunaandikaka "feu". Kama iko muzima, jina tu. Imprimeur ni kijana na iko na haraka, ameuliza mara mbili: mama, niweke feu ao nisiweke?

Neema anasema niamue mimi. Bandugu ya Kambale banasema niandike, miaka inatosha. Nikiandika, ni mimi nitakuwa nimemuzika, na kalamu, peke yangu, bila mwili. Nisipoandika, batu watasoma kadi na wataangalia mulango ya kanisa.

Wakuu, kati yenu biko bengine benye mutu wao alienda na hakurudi, mu vita, mu maji, mu migodi. Ninyi mulifanya nini? Muniandikie hapa chini. Hapana kunipa pole, pole niko nazo za kutosha. Muniambie tu muliandika namna gani.